Aliyevujisha ndiye aliyefungwa

Msikilizaji, katika uchambuzi wa leo tunatupia jicho Australia. Mwaka 2020, ripoti ya Jaji Paul Brereton ilisema zipo taarifa za kuaminika kwamba askari wa kikosi maalumu waliwaua kinyume cha sheria watu 39 nchini Afghanistan. Baadhi ya maiti ziliwekewa silaha au redio ubavuni, ionekane marehemu alikuwa mpiganaji.

Sasa sikiliza. Mei 2024 aliyehukumiwa jela, miaka 5 na miezi 8, ni David McBride, mwanasheria wa jeshi aliyewavujishia wanahabari wa shirika la utangazaji la ABC nyaraka za siri kuhusu askari hao huko Afghanistan.

Serikali ina hoja: siri zikianikwa ovyo, askari walioko vitani wanaweza kufa. Wala tusimvike McBride kilemba cha ukoka. Yeye alilalamika kwamba askari wanachunguzwa kupita kiasi. Waandishi ndio walioona jambo jingine ndani ya makaratasi yale: dalili za mauaji ya kinyume cha sheria.

Kwa upande wa pili, na huu unatugusa sisi wa Afrika Mashariki ambao vijana wetu hupelekwa Kongo na Somalia, risasi hununuliwa kwa kodi yako. Mkuu wa kikosi akiyakalia malalamiko, askari aliyeona kwa macho yake ampelekee nani?