Tai Wachanga Wako Wapi?

Somo: Luka 15:3–7



Hapa kwetu mwewe hana rafiki. Kivuli chake kikipita uani, kuku huita vifaranga vyake na watoto hushika mawe. Hata huko Marekani alichukiwa vivyo hivyo. Katika jimbo la Pennsylvania kuna mlima ambao, majira ya baridi yakikaribia, mwewe, kozi na tai hupita juu yake wakielekea kusini. Upepo ukigonga ubavu wa mlima hupanda juu, nao ndege hutandaza mabawa wakabebwa. Wawindaji waliijua njia hiyo. Walipanda na bunduki, wakawaangusha kwa mamia na kuwaacha waoze.

Mwaka 1934 mama mmoja, Rosalie Edge, alikodi mlima huo. Akamweka mlinzi, Maurice Broun, pamoja na mkewe Irma, aliyesimama njiani kuwazuia wenye bunduki. Lakini Broun hakutosheka na kulinda tu, bali alianza kuhesabu. Aliketi mwambani siku baada ya siku, akiwaandika ndege waliopita, kila mmoja kwa aina yake. Ukiondoa miaka michache ya Vita Kuu ya Pili, hesabu hiyo imeendelea kila mwaka hata leo.

Labda utauliza, kuna faida gani kuhesabu ndege wapitao? Sikiliza.

Tai mwenye kichwa cheupe, ambaye ni nembo ya Marekani, hazaliwi na kichwa cheupe. Akiwa mchanga ana rangi nyeusi-nyeusi mwili mzima, hata anayehesabu humtambua kwa macho. Kati ya mwaka 1935 na 1939, katika kila tai 100 waliopita pale, 40 walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 walikuwa 20 tu. Na mwaka 1957 alipita mchanga mmoja kwa kila wakubwa 32!

Mtu aliyetazama juu bila kuhesabu angesema, "Tai wapo." Ni kweli walikuwapo, lakini walikuwa wazee.

Mwandishi Rachel Carson alizitaja hesabu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya hatari ya dawa za kuua wadudu. Baadaye wataalamu walithibitisha jambo lenyewe. Tai walikula samaki wenye sumu ya DDT. Wao wenyewe waliendelea kuruka, lakini maganda ya mayai yao yakawa membamba, yakavunjika chini ya mama aliyeyaatamia. Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku dawa hiyo mashambani. Tai wakaongezeka tena, na mwaka 2007 wakaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Ndugu yangu, Jumapili kanisa limejaa. Akina mama wamependeza, wazee wako viti vya mbele, na baada ya ibada idadi ya watu na sadaka zinaandikwa daftarini. Twasema, "Watu wapo." Je, wale vijana waliopokea kipaimara miaka mitatu iliyopita, nani amewahesabu? Wako wapi?

Tusiwe wepesi kuwalaumu. Mzazi aweza kumeza kinyongo na masengenyo, na bado akafika mezani pa Bwana akiwa amevaa vizuri. Lakini mtoto aliyesikia nyumbani jinsi mzee huyu anavyomsema mchungaji, na jinsi mama yule asivyosalimiana na jirani yake, huvunjika kabla hajaota mabawa. Sumu haikuanzia kwake.

Mchungaji wa somo letu alikuwa na kondoo 99 mbele ya macho yake. Kundi kubwa namna hiyo lingemridhisha mtu asiyehesabu. Yeye alijua kwamba mmoja hayupo, akaondoka kumtafuta mpaka akamwona.

Juma hili chukua karatasi. Andika majina ya vijana uliowaona wakiwekewa mikono na askofu. Weka alama kwa asiyeonekana tena, kisha uende kwake. Usiende na maneno ya kumkaripia. Nenda ukakae naye, ukamsikilize, hata kama atakalosema linakuhusu wewe.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayemjua kila mmoja kwa jina, utusafishe sisi wazazi, ukawarudishe watoto wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.