Bibi, Mchaichai na Mchecheto

Msikilizaji, msimu wa mitihani ukifika, nyumba nyingi hunukia mchaichai. Mtoto kashikwa na mchecheto, tumbo linamvuruga, usingizi hauji. Bibi anatoka uani, anakata majani, anayafunga fundo yaenee sufuriani. “Kunywa, mjukuu wangu, moyo utulie.”

Brazil nako mchaichai ni dawa ya wasiwasi ya tangu zamani, na mwaka 1986 watafiti wa huko walitangaza walichokipata baada ya kuupima. Watu 18 wenye hulka ya wasiwasi walipewa jaribio la kuwatia kiwewe. Kabla yake walinyweshwa ama mchaichai ama kinywaji kingine cha kulinganishia, bila kujua wamepewa kipi. Wasiwasi ukawa ule ule. Watu 50 nao wakapimwa usingizi, nako hakukuwa na tofauti. Ila haukumdhuru mtu.

Watu 18 ni wachache, nakubali. Lakini hata wangekuwa elfu, bibi nisingemnyang’anya sufuria. Yule mtoto kaacha daftari, kakaa jikoni na mtu asiyemuuliza atapata daraja la ngapi. Hiyo nayo ni tiba, na majani yanapewa sifa ya bure. Tena mchaichai mtupu hauna kafeini. Shida ni sisi tunaouchemsha pamoja na majani ya chai, tena ya rangi nzito, saa nne usiku, halafu tunashangaa mtoto yu macho na moyo unamwenda mbio.

Ugomvi wangu uko stendi, kwenye chupa zisizo na lebo: dawa moja ya wasiwasi, presha na nguvu za kiume. Mitishamba si maji. Ulaya kuna mmea uitwao kitaalamu Hypericum perforatum, unaosifiwa kwa kuondoa huzuni na fadhaa. Huo hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, na ya vidonge vya uzazi wa mpango pia. Mnywaji hasikii chochote, kumbe dawa yake ya kila siku inapungua mwilini.

Tanzania ina sheria ya tiba asili tangu 2002, na Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Basi mwulize muuzaji usajili wake, na jina la mti uliomo chupani. Akikujibu ni siri ya babu yake, mrudishie chupa.