Neno la Siri na Kufuli Linalojifunga
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze kazi yangu ya kutunza kompyuta za ofisi. Wengi wenu sasa ni wakuu wa ofisi, nanyi ndio mnaotia sahihi kanuni za maneno ya siri, hata kama hamkuzisoma. Kwa hiyo nasema nanyi.

Jambo hili si la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT kule Marekani, watu wengi walitumia kompyuta moja, kila mtu na neno lake la siri na saa zake alizogawiwa. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi, akitaka saa zaidi, aliiamuru mashine imchapie orodha ya maneno yote. Ikamchapia! (Walimu wangu mnacheka; mnatujua.)

Sasa kuna ofisi moja niliyopata kuihudumia. Kanuni zake zilikuwa mbili: kila mtu abadili neno lake kila baada ya siku 90, na anayekosea mara 3 afungiwe mpaka msimamizi amfungulie. Siku moja kabla ya malipo, mhasibu alibadili neno lake kama alivyoagizwa. Simu yake, iliyokuwa ikivuta barua za ofisi, haikuambiwa. Ikaendelea kubisha hodi kwa neno la zamani usiku kucha. Asubuhi mama wa watu kafungiwa, msimamizi yuko safarini, na vibarua wamejipanga dirishani. Walilipwa Jumatatu. Hapakuwa na mwizi hata mmoja.

Tena angalieni: kufuli la namna hiyo yeyote aweza kumfungia mwenziwe. Ajua jina lako tu, akosee kwa makusudi mara 3, basi huna kazi siku hiyo. Na mwizi hasa halimzuii sana, maana yeye hachagui mlango mmoja. Huchukua neno lililozoeleka, akalijaribu mara moja kwa kila mfanyakazi, na hesabu ya makosa haifiki 3 kwa yeyote.

Kuhusu zile siku 90, mnajua wenyewe: Simba1 huzaa Simba2. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mwaka 2017 kwamba neno lisibadilishwe kwa kufuata kalenda, bali pakiwa na dalili kuwa limevuja. Microsoft nayo iliondoa sharti hilo katika mapendekezo yake ya usalama mwaka 2019.

Mkirudi ofisini, mwulizeni msimamizi tarakimu tatu: makosa mangapi hufunga, kufuli hukaa dakika ngapi, na hesabu ya makosa hufutwa baada ya muda gani. Katika Windows, muda wa kufungwa ukiandikwa 0, maana yake ni mpaka msimamizi afungue. Hapo ndipo vibarua wale walipokwama. Tangu Windows 11 ya mwaka 2022, mashine mpya huja na makosa 10 na dakika 10. Mimi naona yatosha, ilimradi neno liwe refu, maneno yaliyozoeleka yakataliwe, na pawe na uthibitisho wa pili kwa wanaoingia kutoka nje. Na awepo mtu wa pili mwenye mamlaka ya kufungua, asiyesafiri siku moja na wa kwanza.