HEWA ILALAYO SHIMONI
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme juu ya gesi, na twajua wengine wenu mmedhani ni mambo ya shule. Ni mambo ya wenzetu wateremkao katika mashimo ya choo, mitaro ya maji taka, visima na matangi, mara nyingi wakiwa hawana kitu ila ndoo na kamba.

Gesi haina umbo. Hujaza kila nafasi iipatayo na hupenya penye ufa. Lakini uzito wa gesi si mmoja. Methani, itokayo katika uchafu unaooza, ni nyepesi, yapata nusu ya uzito wa hewa, nayo hushika moto upesi. Kaboni dayoksaidi yaizidi hewa mara moja na nusu. Haidrojeni salfaidi, ile inukayo kama yai viza, ni nzito kidogo kuliko hewa. Hizi mbili, pahali pasipo upepo, hulala chini kama maji katika bakuli. Aliye mdomoni mwa shimo aona hewa ni njema, na aliye chini anakufa.

Hatutii chumvi. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, katika ziwa Nyos nchini Kameruni, kaboni dayoksaidi iliyokuwa imeyeyuka katika maji ya chini ilifoka ghafula, ikateremka mabondeni kama mafuriko yasiyoonekana, ikaua watu wapatao 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Na wenzetu wa Goma, huko Kongo, wana neno la Kiswahili kwa mabonde madogo ambamo gesi hiyo hulala: mazuku. Wanyama, na hata watu, hufia humo.

Sasa tazameni matope ya shimo la choo. Gesi imejificha ndani yake kama ilivyo ndani ya chupa ya soda. Ukiyakoroga au kuyakanyaga, inatoka. Ndiyo sababu mtu aweza kuteremka salama, akafanya kazi dakika chache, kisha akaanguka.

Pua isiwe mkaguzi wenu. Haidrojeni salfaidi ikifika kadiri ya sehemu 100 katika milioni moja ya hewa, yaua nguvu ya kunusa. Harufu ikitoweka ghafula, usishukuru, toka! Wazee nao walikuwa wakishusha taa shimoni: ikizimika, hawaingii. Ni kweli taa huzimika oksijeni ikipungua sana, lakini haisemi lolote juu ya haidrojeni salfaidi, na penye methani yaweza kulipua shimo zima. Taa na sigara zikae mbali.

Aangukapo mmoja, wa pili huruka kumwokoa, na wa tatu humfuata. Mwaka 1986 idara ya Marekani ichunguzayo usalama wa kazi, NIOSH, ilieleza kwamba katika kila 100 waliokufa mahali pa kufungika namna hii, zaidi ya 60 walikuwa waokoaji. Basi mwokoaji avute kamba akiwa juu, na kamba hiyo iwe imefungwa mwilini mwa mwenzake tangu kabla hajateremka.

Haya si mambo ya kumwachia kibarua ajinunulie. Kipimo cha gesi, feni ya kupeleka hewa safi chini, mshipi na kamba, na mtu wa juu asiyetumwa kazi nyingine: hivyo ni juu ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali pa kazi, hata kama mtu yupo hapo kwa muda tu. Mfanya kazi akiisha kuarifu msimamizi kwamba pana hatari kubwa, haruhusiwi kulazimishwa kurudi kabla haijaondolewa. Msimamizi asemaye "wenzako huingia kila siku" hajajibu neno.

Na gesi itolewayo shimoni haipotei. Methani ikipanda angani huzuia joto la dunia lisitoke. Kwa muda wa miaka 100, kilo yake moja huzuia joto yapata mara 28 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Heri ikusanywe kwa mfereji na kuchomwa jikoni, kama wafanyavyo wafugaji wengine kwa mavi ya ng'ombe.

Kwa mkutano ujao, kila mwakilishi wa wafanya kazi alete hesabu: mashimo na matangi mangapi mahali pake, vipimo vingapi, na vingapi vinafanya kazi.