Udongo Usionyonya na Haki ya Mwananchi



Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi leo hatutaona haya kunena juu ya choo, kwa maana jambo tusilolinena hadharani hatuwezi kulidai mbele ya sheria.

Wakaao Nyalenda, mjini Kisumu, wanaijua ardhi yao. Sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na kuta za tangi la maji taka huweza kupasuka pamoja nao. Wakati wa masika huvimba na kujibana, usinyonye kitu. Tena, karibu na Ziwa Victoria, maji ya chini ya ardhi hayako mbali na nyayo zetu; na mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda likawafurusha watu majumbani mwao.

Tangi la nyumbani halimalizi kazi peke yake. Hutenga tope na maji tu. Maji hayo, yangali na vijidudu, huenda katika shimo la kunyonya, na udongo ndio uyachujao. Udongo ukikataa, hurudi chooni au hububujika uani. Maji ya ardhini yakipanda hadi shimoni, uchafu hufika kisimani bila kuchujwa, na kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia.

Kosa ni la nani? Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, huhesabu choo kichafuzi kuwa kero, na ilani huweza kuletewa mwenye nyumba au akaaye ndani yake. Hatusemi mwenye nyumba asiwajibike. Afunguaye tangi usiku wa mvua ili uchafu uende mtaroni humdhulumu jirani yake. Lakini faini haibadilishi udongo. Mahali pa namna hii panahitaji mabomba ya maji taka, au matangi yasiyovuja, yenye kunyonywa na malori na kumwagwa penye mitambo ya kusafishia. Hiyo si kazi ya mjane mwenye vyumba viwili vya kupangisha.

Katiba ya 2010 imelijibu swali hili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango cha kuridhisha na maji safi na salama. Jedwali la Nne linaikabidhi serikali ya kaunti huduma za maji na usafi. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba amepata hasara.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila parokia ipime udongo wakati wa masika: chimbeni shimo dogo, lijazeni maji, liloweshwe usiku kucha, asubuhi mjaze tena na kupima yameshuka kiasi gani kwa saa. Andikeni tarehe na mahali. Pili, kwa Kifungu cha 35, tuiandikie kaunti kuuliza mipango na fedha za mabomba ya mtaa wetu. Tatu, tukinyamaziwa, twende mahakamani tukiwa na daftari hilo mkononi.

Malalamiko ya mdomo hupeperuka. Yaliyopimwa na kuandikwa hudai jibu. Tuanze na masika haya.