Petroli Ipoteayo Njiani

(Maneno ya hotuba kwa madereva na wenye magari wa Kibirichia)



Mwenye pikapu wa Kibirichia akiulizwa faida yake ya viazi imekwenda wapi, hutaja kwanza bei ya petroli, wala hakosei. Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na mnamo Septemba 2023 lita moja ilipita shilingi 200 mjini Nairobi kwa mara ya kwanza. Mafuta yafikayo Nairobi kwa bomba kutoka Mombasa hupakiwa tena katika malori hata yafike Meru, na gharama ya safari hiyo huongezwa juu ya bei. Hayo dereva hana uwezo wa kuyabadili. Lakini ni petroli kiasi gani itakayoungua, jambo hilo limo katika mguu wake wa kulia.

Desturi iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya kuweka gia ya nyutro wakati wa kuteremka. Madereva wengi, hata walio hodari, huamini kwamba kwa kufanya hivyo wanaokoa mafuta. Katika motokaa za siku hizi jambo hilo ni kinyume kabisa. Motokaa ikiwa katika gia, na dereva ameondoa mguu wake, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kifaa cha umeme kinachopima petroli huifunga kabisa. Akiweka nyutro, injini haina wa kuizungusha. Basi ni lazima inywe petroli kidogo kidogo ili isizimike. Kwa hiyo yule anayejiona mwerevu ndiye anayelipa.

Tena iko hatari. Kutoka nchi ya baridi ya Kibirichia, iliyo juu yapata mita 2,000, mpaka Isiolo ulio yapata mita 1,100, gari lenye mzigo huteremka kwa muda mrefu. Likiwa katika nyutro, breki peke yake ndizo zinazolizuia. Hupata moto, na zikizidi kupata moto hazikamati. Wapo wanaozima hata injini! Hao hupoteza nguvu inayoisaidia breki, na usukani huwa mzito mikononi mwao. Mnamo Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, wakafa watu zaidi ya 30. Haisemwi hapa kwamba dereva yule aliweka nyutro. Bali kila mtu wa Meru anapajua mahali pale, na anajua kwamba mteremko mrefu hauwasamehi wenye breki zilizochoka. Dereva mwenye busara huingia mteremkoni kwa gia ndogo, ile ambayo angeitumia kuupanda.

Jambo la pili ni mwendo. Upepo unaoikabili motokaa huongezeka upesi kuliko mwendo wenyewe: dereva akitoka kilomita 80 kwa saa akafika 110, nguvu ya upepo huwa karibu maradufu. Kwa sababu hiyo Marekani, mafuta yalipoadimika, iliweka mwaka 1974 mpaka wa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88. Magari ya miraa hukimbia kwa kuwa mzigo wao hunyauka. Viazi havinyauki kati ya Kibirichia na sokoni, na mwenye kuvikimbiza hana udhuru.

Asubuhi za huko ni za baridi, na kuna wanaoiacha injini ikinguruma robo saa nzima ili ipate moto. Injini hupata moto upesi zaidi ikiendeshwa polepole. Katika nchi ya juu hewa ni nyepesi, hata injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo gunia la ziada huhisiwa zaidi kuliko pwani. Tairi zipimwe upepo asubuhi kabla ya safari, zikiwa baridi, kwa maana tairi legevu huvuta gari nyuma kama matope.

Mwenye kutaka kujua kama anafaidika, na ajaze tangi mpaka juu, aandike kilomita zilizoonyeshwa, kisha aendelee na kazi zake. Atakapojaza tena, agawanye kilomita alizokwenda kwa lita alizotiliwa: kilomita 400 kwa lita 32 ni kilomita 12 na nusu kwa kila lita. Ila asipime safari ya kuteremkia Isiolo peke yake, akajisifu. Hesabu ya kweli ni ya kwenda na kurudi.