Mkono Unaosema "Basi": Bangi, Mirungi na Ujumbe wa Ubongo



Nimeombwa nieleze bangi inafanya nini ubongoni, mbele ya wauguzi, walimu na wazee wa Kismayo na wa visiwani kwetu, Koyama, Chovai na Chula. Nitaanzia bandarini, kwani hakuna aliyepo hapa ambaye hajaona jahazi likishushwa shehena.

Mabaharia wanateremsha magunia, mahamali wanapokea chini. Magunia yakiwazidi, hamali mmoja huinua mkono na kupaza sauti: "Basi!" Juu wanasita. Amri hiyo imetoka kwa mpokeaji kwenda kwa mtumaji, kinyume cha njia ya magunia.

Ubongo nao una mkono huo. Kati ya seli moja ya neva na nyingine pana upenyo mwembamba mno, sinapsi. Seli inayotuma humwaga hapo kemikali za kupeleka ujumbe, kama glutamati inayoamsha seli ya pili, au GABA inayoituliza. Kemikali hizo hukaa ndani ya vifuko vidogo, na ujumbe unapofika, vifuko hufunguka kalsiamu ikiingia kwenye ncha ya seli. Sasa seli inayopokea ikisisimka kupita kiasi, hutengeneza papo hapo, kutokana na mafuta ya utando wake wenyewe, kemikali iitwayo 2-AG. Hii huvuka sinapsi kwa kurudi nyuma na kushika kipokezi cha kanabinoidi, CB1, kilichoko kwenye ncha ya seli inayotuma. Kikishikwa, njia za kalsiamu hubanwa, na vifuko vingi hubaki vimefungwa. Kisha vimeng'enya huivunja 2-AG, na kazi inaendelea. Kwa kawaida yote hayo huisha katika muda wa sekunde tu.

Wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga THC, kiini cha bangi, mwaka 1964. Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane wakaonyesha kwamba ubongo una kipokezi kinachoshikwa na THC, ndicho hicho CB1. Ikabidi watu wajiulize: Mwenyezi Mungu hakuuumba ubongo ungoje moshi, basi kipokezi hiki ni cha nini? Jibu la kwanza lilipatikana 1992, kemikali ya mwili wenyewe, wakaiita anandamidi kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya raha kuu. Neno bangi nalo lilitoka Bara Hindi, likavuka bahari hii hii tunayoivua. Na mwaka 2001 ndipo maabara kadhaa zilipothibitisha kwamba ujumbe wa kanabinoidi hurudi nyuma.

Mvutaji, basi, anamleta mtu asiye hamali, yaani THC, akasimama kwenye kila gati kwa wakati mmoja, mkono juu, na haushushi kwa saa kadhaa. Hajui gunia lipi limezidi na lipi linangojewa. Hipokampasi, panapotiwa kumbukumbu, pana CB1 tele, ndiyo maana kijana husahau alilolisema sasa hivi. Serebela, inayopima mwendo, nayo imejaa, na mvuvi aliyevuta hapaswi kushika usukani. Mahali pengine GABA ndiyo inayozuia dopamini. Mkono ukimnyamazisha mzuiaji, dopamini hupanda, na raha hutoka hapo. Katika shina la ubongo, linaloongoza pumzi, vipokezi hivi ni vichache, kwa hiyo bangi haikati pumzi kama heroini. Nalisema wazi kwa sababu vijana wanalijua, na tukilificha hawatatuamini kwa mengine.

Mirungi, ambayo Wasomali huiita qaad, hufanya kazi kwa njia nyingine: kathinoni iliyomo huilazimisha seli kumwaga dopamini na noradrenalini. Wako vijana wanaotafuna alasiri, kisha wanavuta usiku ili walale. Ubongo mmoja unasukumwa na kuzuiwa siku ile ile. Rais Siad Barre alipiga mirungi marufuku 1983, na shehena za Kenya zilizuiwa tena Machi 2020 mpaka Julai 2022. Marufuku zote mbili zilipita, ulaji ukabaki. Kwangu mimi, kazi iko darasani na zahanatini.

Linalonitia hofu ni umri. Ubongo huendelea kukomaa mpaka miaka 25 hivi, na CB1 inashiriki katika kuunganisha neva zake. Anayeanza mdogo na kuvuta kila siku huongeza hatari ya kurukwa na akili, hasa ikiwa ugonjwa huo umo katika ukoo. Wanaovuta sana vipokezi vyao hupungua. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 ulikuta kwamba baada ya wiki nne hivi za kuacha, vilikuwa vimerejea katika sehemu nyingi za ubongo.

Wauguzi, nina ombi. Akiletwa kijana amefungwa kamba, anasema peke yake, msiishie kuandika "kichaa" daftarini. Muulizeni mama yake kwa upole: anatumia nini, na alianza akiwa na miaka mingapi? Andikeni majibu yote mawili, kisha mwiteni tena baada ya wiki nne.